Bembea Makaburini

Vijana wa idara ya bustani mmeniomba, sasa nilipostaafu, niandike kazi ilivyokuwa zamani. Najua mlitegemea niandike kuhusu maua. Maua nayaacha, ukiyapanda vizuri yanajieleza yenyewe. Habari za vyeo nilivyopata pia siziandiki kwa kuwa ni fupi, na za mshahara ni fupi zaidi. Nitaandika kazi ya kwanza niliyoifanya hapa Tanga, miaka michache kabla ya Uhuru, tulipoamriwa tugeuze makaburi ya zamani yawe mahali pa watu kupumzikia. Kila tuliyemwambia mjini alitujibu jibu lile lile: mbona tayari watu wamepumzika humo?

Wazazi wangu ni Washambaa, Walutheri, walioteremka kutoka milimani kuja kukata mkonge. Mimi mkonge niliukimbia mara tu nilipopata miguu ya kukimbilia. Niliposikia ofisi ya mji inatafuta kibarua wa bustani, nilivaa shati la kanisani nikaenda. Karani akanipa jembe, akanielekeza: "Shika barabara ya Mabawa. Ukiona ukuta mfupi umeanikwa kanga, umefika."

Nikaenda nikiwaza mawaridi. Ukuta niliuona, na kanga nikaziona, lakini ng'ambo ya ukuta kulikuwa na magugu marefu kuliko mimi. Nikajipenyeza. Kwa hatua chache tu mguu ukagonga jiwe. Nikainama kulitazama, nikaona lina mwenzake upande wa pili, na kati yao ni urefu wa mtu mzima.

"Hapo umempiga teke mwenyeji," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Mzee Athumani, msimamizi wangu kwa miaka yote ya mwanzo, na mwalimu wangu kwa iliyobaki. Alikuwa ameketi juu ya toroli lililopinduliwa, anakula muhogo wa kuchoma. Alikuwa mtu wa Tongoni, ambako makaburi ya watu wa kale yamekaa kando ya nyumba za watu wa leo wala hakuna anayemsumbua mwenziwe. Akikasirika alisema Kimtang'ata cha kwao, nami nilikuwa sishiki ila jina langu, Zakaria.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mimi umeniamkia. Na hao?" Akayaelekezea kidole chake magugu yote.

Mimi mtoto wa Kilutheri sikujua wafu huamkiwaje. Nikavua kofia, nikasema kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani: "Shikamooni."

Mzee Athumani akapaliwa na muhogo. Alipopata pumzi akaniambia, "Sasa ngoja. Wakiitikia marahaba, kimbia, lakini jembe liache hapa. Ni la serikali."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nimeona vijana siku hizi mkipewa semina.

Aliyonifundisha wiki zile bado yanafaa, basi yashikeni. Fyekeo ni la njiani. Kaburini tumia mkono. Jembe halina macho, vidole vinayo. Mti uliojiotea kichwani mwa kaburi usiung'oe, kwa maana mizizi yake hujui imeshika nini. Reki ivute kwako, usiisukume. Toroli likilia gurudumu, lipake mafuta kabla hujaingia nalo, na hili Mzee Athumani hakulieleza kwa sababu ya wafu, ila kwa sababu yeye mwenyewe kilio kile kilimuuma meno. Kuhusu wafu alisema neno moja tu: "Wewe fanya kazi kama mtu aliye sebuleni kwa watu. Usipige kelele, usichungulie, na ukiondoka acha pasafi kuliko ulivyopakuta."

Makaburi yale yalikuwa yamefungwa zamani sana, hata wengi wa waliozikwa mle hawakuwa na wa kuwasemea. Upande mmoja Waislamu, na ng'ambo ya ua wa michongoma Wakristo, wengi wao watu wa mashamba ya mkonge waliofia mbali na kwao. Mji ulikuwa umekua ukayazunguka. Sasa ofisi ikapata afisa mpya, Mzungu mwembamba mwenye bidii, aliyependa kupima. Alipima njia, alipima miti, na siku moja alimpima mbuzi aliyekuwa amelala njiani, nadhani kwa bahati mbaya. Watu wakamwita Bwana Kipimo. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mji uwe na mahali pa kivuli, watoto wacheze, wakubwa wakae, na vyama vya ngoma na muziki vipate jukwaa.

Msidhani aliingia kwa mabavu. Mpiga mbiu alipita mitaani akitangaza kwamba mwenye ndugu yake mle ndani ajitokeze aseme. Hakujitokeza mtu, ila mwenye mbuzi, naye alitaka kujua tu kama majani yatafyekwa yote. Maalim Bakari, aliyekuwa akisalisha msikiti wa jirani, alikuja akazunguka na bakora yake, akatoa masharti: kaburi lisichimbwe, lisikanyagwe, lisikaliwe, njia zipite katikati, na jukwaa lijengwe pale palipokuwa na banda la kuwekea jeneza, maana hapo hakuzikwa mtu. Kwa hiyo jukwaa la muziki la kwanza nililowahi kulijenga lilisimama mahali pa jeneza. Waimbaji waliosimama hapo baadaye hatukuwaambia.

Tukafyeka, tukasafisha, tukapanga mawe meupe kando ya kila kaburi. Kukapendeza. Kisha yakaja mabenchi, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba benchi lina siasa.

Bwana Kipimo aliyataka yaelekee makaburini, ndiko kwenye kivuli na maua. Mzee Athumani akatikisa kichwa. "Mtu akikaa hivyo, bwana, anaonekana amekuja msibani. Ataanza kulia."

"Basi geuza," akasema Bwana Kipimo.

"Akigeuka, amewapa wazee kisogo. Hataweza kukaa raha, atahisi anatazamwa."

Bwana Kipimo akakuna kichwa kwa ncha ya futi yake. "Sasa nafanya nini?"

"Waketi ubavu, bwana. Kama mke na mume waliogombana kidogo."

Tukayaweka ubavu. Mpaka leo watu huuliza kwa nini mabenchi ya bustani ile yametazama pembeni kama yamenuna, na wataalamu wawili watatu wamenieleza kwamba ni kwa ajili ya jua.

Baada ya mabenchi ikaja bembea. Bwana Kipimo aliagiza mwenyewe, ya minyororo, ikasimikwa karibu na lango. Alijivunia kitu kile hata akakisukuma kwa mkono wake na kukitazama kikienda na kurudi, akitabasamu peke yake. Tatizo ni kwamba alasiri upepo ulipanda kutoka baharini, na bembea ikaanza kwenda peke yake. Kriii, kraaa. Kriii, kraaa. Haina mtu. Siku ya tatu mtaa mzima ulijua kwamba watoto wa makaburini wamepata mchezo wao. Wanawake waliokuwa wakikata njia pale kwenda sokoni wakaanza kuzunguka mbali. Muuza maji akabadilisha barabara pamoja na punda wake.

Mimi nikaona tatizo ni kelele. Nikachukua mafuta ya nazi nikaipaka minyororo yote, nikafurahi. Alasiri upepo ukaja, bembea ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, bila kutoa hata mlio. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Nilimwona mwanamume mmoja mzima akivua viatu ili akimbie vizuri.

"Mshambaa," akaniambia Mzee Athumani, "kwanza walikuwa wanacheza. Sasa umewafundisha kunyamaza."

Ikawa bustani nzuri kuliko zote za pwani ile, na haikuwa na mtu. Ukimuuliza yeyote alikuwa anaisifu. "Pazuri kweli pale, mashallah, nendeni!" Yeye mwenyewe hendi. Tulikaa mle sisi vibarua tu, tukifagia majani yaliyoanguka kwenye njia zisizopitwa.

Jumapili moja tukapata wageni. Kijana mmoja wa mashambani na mchumba wake, watu wa bara wasiojua habari za mji, waliingia wakaketi kwenye benchi. Kijana akafungua karanga. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa michongoma nikaomba kimoyomoyo wasiondoke. Ndipo ikaja sauti kutoka ng'ambo ya barabara, ya Bi Mwanahamisi, mjane aliyekuwa na nyumba iliyotazamana na lango. Huyo ndiye mwenye kanga za ukutani. Alikuwa mkuu wa chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, mama wa sauti, mtu ambaye akikuambia pole unajisikia umekosa.

"Hodi huko!" akaita. "Nyie watoto! Huyo mliyekaa karibu yake, mnamjua?"

Kijana akageuka kushoto, akageuka kulia. "Hapana, mama."

"Yeye je, anawajua?"

Karanga zile tulizila mimi na Mzee Athumani. Hakukuwa na mtu wa kumrudishia.

Miezi ikapita hivyo. Hatimaye Bwana Kipimo akaja asubuhi moja, hana futi. Nilipomwona hana futi nilijua kuna habari mbaya. Akakaa kwenye benchi, ubavu, kama tulivyoliweka.

"Athumani," akasema, "kwa nini watu hapana kuja?"

"Watakuja, bwana."

"Ofisi imechoka. Wanasema kama watu hapana kuja, hapa itakuwa uwanja wa malori ya mkonge. Mwezi ujao wanakuja kutazama. Watakuja, wataona nini? Wewe, mimi, na huyu." Huyu ni mimi.

Alipoondoka, Mzee Athumani hakuugusa muhogo wake hata saa ya kula ikapita. Hakuwa anafikiria kazi yetu. Kazi ya kufyeka haikosekani Tanga. Aliyatazama yale mawe meupe tuliyoyapanga kando ya makaburi. "Malori," akasema mwishowe. "Na makanika. Na oili chafu itamwagwa humu." Kisha akasema Kimtang'ata kwa muda mrefu, na safari hii hata jina langu halikuwemo.

Alasiri akaniambia nikanawe, nivae lile shati la kanisani. Tulivuka barabara kwenda kwa Bi Mwanahamisi.

Alitukaribisha barazani, akatupa mkeka na kahawa, kisha akaketi akatungoja. Mzee Athumani akamweleza habari za malori. Bi Mwanahamisi akasikiliza mpaka mwisho, uso hautoi neno.

"Mama," akasema Mzee Athumani, "watu wa mtaa huu wanakusikiliza wewe kuliko mpiga mbiu. Ukiwaambia waingie, wataingia. Lakini wewe ndiye unayewatoa mbio."

"Nawatoa mbio, ndiyo. Wanaingia kwa watu bila hodi."

"Mbona wewe unaanika kanga ukutani mwao kila siku ya Mungu?" Mimi ndiye niliyesema hivyo. Ujana. Mzee Athumani akanikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limekwisha toka.

Bi Mwanahamisi akanitazama. Nilidhani atanitimua. "Umeona vyema, Mshambaa," akasema. "Mjane anayeishi peke yake ana nguo ngapi za kufua kila siku?"

Nikageuka kuzitazama zile kanga za ukutani.

"Ninazifua zikiwa safi. Nina mwanangu mle. Wa kwanza, alifariki kabla ya arobaini yake. Sisi wanawake hatwendi kuzika, unajua. Baba yake na wajomba zake walimchukua, wakarudi, wakaniambia, tumemlaza chini ya mkunazi, pembeni. Basi. Sijapaona. Baadaye makaburi yakafungwa, magugu yakaota. Sasa mwanamke mzima asimame ukutani kila siku akitazama magugu, watu watasema nini? Lakini akianika kanga, ni mwanamke anaanika kanga."

Kahawa yangu ikapoa mkononi. Mzee Athumani akasema taratibu, "Mbiu ilipopigwa, mama, hukujitokeza."

"Mbiu iliuliza nani ana ndugu. Nani atasimama barabarani ajibu mbiu kwa mtoto ambaye hata meno hakuota?" Akajifunga upya kanga yake. Kisha uso ukarudi kuwa ule wa mkuu wa chama. "Nyie wanaume na yule mpimaji wenu mmekosea tangu mwanzo. Mtu haendi kukaa kwa watu hajakaribishwa. Na mwenyeji hamkaribishi mtu kwa bembea. Anamkaribisha kwa sahani."

"Sahani gani?" akauliza Mzee Athumani.

"Wale mle ndani walisomewa lini mara ya mwisho? Wengi hawakusomewa kabisa. Somesheni khitma ya wote, wapikieni watu pilau mle mle. Mtu akishakula mahali, hapaogopi tena. Nyumba ngapi tulizoziogopa tukiwa watoto, tukaja kuolewa humo!"

Nikasema, "Na wale wa upande wa michongoma, mama? Wakristo?"

"Wana tumbo hawana?" akasema. "Ita watu wao."

Basi ndiyo ikawa. Mzee Athumani akaenda kwa Maalim Bakari, mimi nikaenda mashambani kwa Mwinjilisti Natanaeli, aliyekuwa na kwaya kubwa na lori la kuazima. Mchele ulitoka nyumba hii na ile. Mwenye mbuzi, bila kuombwa, akaleta beberu wawili walionona. "Mbuzi wangu wamekula majani ya marehemu miaka yote hii," akasema. "Haki yao imo mwilini mwa hawa." Maalim Bakari alipoulizwa kama jambo hilo lina tatizo katika dini, alifikiri, akatazama beberu, akafikiri tena, akasema haoni tatizo.

Ofisini Bwana Kipimo aliuliza shughuli yenyewe ni ya nini. Mzee Athumani akamwambia ni ya kufungua bustani. "Lakini tulishafungua," akasema Bwana Kipimo. "Ndiyo, bwana," akajibu Mzee Athumani, "ila hakuna aliyesikia."

Mpango ulikuwa mzuri. Waislamu wangesoma kwanza, baada ya adhuhuri; Wakristo wangefika alasiri, waimbe upande wao; halafu wote wangekula pamoja. Ila mpango ulisahau kwamba lori la kuazima linaondoka mwenye lori anapotaka. Khitma ilikuwa katikati, wanaume wamejaa mikekani kwenye njia zetu zote, wanawake wako ukumbini kwa Bi Mwanahamisi na barazani kwake mpaka barabarani, mara lori likafunga breki langoni, na kwaya ikashuka. Mwinjilisti Natanaeli alikuwa mtu wa saa. Aliona watu wamekusanyika, akadhani wamechelewa. Akawapanga nyuma ya ua wa michongoma, akainua mkono.

Waliimba sauti nne. Besi ya watu wanaobeba mkonge si besi ya kawaida.

Maalim Bakari alikuwa ameinua mikono katika dua. Hakufumbua macho. Alipandisha sauti kidogo. Waliokuwa mikekani wakaitikia amina kwa nguvu kidogo. Mwinjilisti, akisikia amina zimejaa ng'ambo, akaona neno linapokewa vyema, akapandisha wimbo. Maalim naye akapandisha. Mimi nilikuwa kwenye sufuria, katikati ya pande mbili, sijui niinamishe kichwa kwa nani. Mzee Athumani akaninong'oneza, "Wenyeji leo hawatalala. Walikaa miaka hawana wa kuwaombea, leo wanagombewa."

Wakamaliza pamoja, kwa jinsi ambayo hata wangefanya mazoezi wasingeweza. Kisha Maalim akafumbua macho, akajipangusa uso, akatazama ua wa michongoma, akasema: "Waambieni jirani zetu waje wale, koo zitakuwa zimekauka."

Pilau ilipakuliwa kwenye masinia, watu wanne wanne, watano watano. Wakata mkonge na washona kofia, mwenye mbuzi na waimbaji, wote wamekunja miguu kandokando ya mawe meupe, kila mtu akiangalia asimguse aliyelala. Nikamsikia mzee mmoja akimwambia mwenziwe, "Sogea huku, huyo atakosa nafasi," na mwenziwe akasogea, ndipo akageuka kuona aliyekuwa akipishwa ni kaburi. Wakacheka mpaka wali ukawatoka mkononi. Baada ya kicheko kile nilijua malori hayatakuja.

Watoto hawakungoja wamalize kula. Walikwenda kwenye bembea na mikono yenye mafuta, wakaijaza, ikawa haina nafasi ya kusukumwa na upepo. Alasiri Maalim Bakari aliaga mapema, kwa upole, akasema ana udhuru. Udhuru wake ulikuwa ni adabu: aliona wanawake wa lelemama wanavuka barabara na matari yao, na hakutaka kulazimika kukataza jambo ambalo asingeweza kulizuia. Wakapanda jukwaani, kwenye banda la jeneza, wakaanza. Kwaya, ambayo haikuwa na udhuru wowote, ilibaki.

Bwana Kipimo alifika katikati ya hayo pamoja na wakubwa wa ofisi, ambao walikuwa wamekuja mapema kuliko walivyosema, ili watukute vibaya. Walisimama langoni. Hawakuweza kuingia kwa wingi wa watu. Bi Mwanahamisi akawapelekea sinia, na Bwana Kipimo akakunja shati akala kwa mkono, mbele ya wakubwa zake, macho yamejaa maji. Sijui ni furaha au pilipili.

Aliponipata mimi na Mzee Athumani akauliza kwa hamu, "Sasa sema kweli. Kilichowaleta ni nini? Ni mabenchi au bembea?"

Mimi nilifungua kinywa nimweleze yote. Mzee Athumani akaniwahi.

"Bembea, bwana," akasema.

Bwana Kipimo akamshika mkono kwa mikono miwili. Baadaye aliagiza bembea nyingine kwa kila kiwanja cha mji, hata kule bandarini ambako hakukuwa na watoto. Nilimuuliza Mzee Athumani kwa nini alimficha. "Yule mtu alikuwa na huzuni tangu mwezi uliopita," akanijibu. "Kweli ya nini? Hiyo imekwisha shiba pilau, yeye ndiye aliyekuwa na njaa."

Watu walipoanza kutawanyika, tukiwa tunasugua masufuria kwa mchanga, Bi Mwanahamisi alikuja akasimama langoni. Siku nzima alikuwa amepika, amegawa, ameimba, lakini nikagundua kwamba hakuwa ameingia ndani zaidi ya jukwaa. Akanionyesha benchi.

"Lichukue hilo, Mshambaa. Lihamishie kule mkunazini."

"Mama, mabenchi yamepimwa na Bwana Kipimo. Kila moja lina mahali pake."

"Bwana Kipimo amekula pilau yangu, hakula?"

"Amekula."

"Basi benchi litahama."

Tukalibeba mimi na Mzee Athumani. Chini ya mkunazi kulikuwa na vijiwe viwili vidogo, vilivyokaribiana kiasi cha dhiraa moja. Mimi mwenyewe nilivipalilia kwa vidole wiki zangu za mwanzo, nikavizungushia mawe meupe bila kujua. Nilipotaka kuliweka benchi ubavu, Bi Mwanahamisi akatikisa kichwa. Tukaliweka lielekee kaburi. Akaketi. Hakulia. Alitazama tu, kama unavyomtazama mtoto aliyelala ili usimwamshe.

"Anaitwa Zuhura," akasema.

Mzee Athumani akavua kofia yake. "Assalaam alaikum, Zuhura," akasema, kama anavyoamkia mtu aliyemkuta barazani.

Nami nilikuwa nimeshajua kuamkia kwa wakati huo, nikafuata.

Bustani ile mnaijua, hamna haja ya kuelezwa iliyobaki. Mnajua vikundi vinavyofanya mazoezi pale, na shule ya jioni ya watu wazima iliyoanzia jukwaani, na wazee wa bao wanaodai kwamba mahali pale pamekuwa pao tangu enzi za Wadachi. Mzee Athumani alistaafu akarudi Tongoni, akafariki huko, akazikwa kando ya nyumba za watu, kama wazee wake wa kale. Bwana Kipimo alirudi kwao na futi yake. Lakini kabla ya hapo, Jumatatu baada ya khitma, alikuta benchi moja halipo mahali pake, akalitafuta, akalikuta mkunazini na Bi Mwanahamisi ameketi. Alipima pale pale kutoka ukutani, akaandika, akaenda zake.

Bi Mwanahamisi hakuanika tena ukutani. Alikuja kila siku na mkeka wake wa kusuka, akakaa benchini kama mtu aliye kwake, na vijana wakija wawili wawili alikuwa akiwaita, "Karibuni, kaeni, ila msimkanyage mtu." Miaka ikaenda, miguu ikamwishia nguvu, barabara ile ndogo ikamshinda kuivuka. Hapo mimi ndiye nilikuwa msimamizi. Kila alasiri nikiwa nafunga stoo nilisikia sauti yake kutoka barazani, haijapungua kitu.

"Zakaria! Hajambo mwanangu?"

"Hajambo, mama. Ila leo kuna watoto wengi, wanampigia kelele kweli kweli."

"Usiwafukuze," alikuwa akijibu. "Waache wampigie."